Pasi ya Jumamosi

Pasi ya mkaa haina kitufe cha kupandisha wala kushusha joto. Ina kifuniko chenye bawaba nyuma, komeo dogo mbele lenye umbo la jogoo, mpini wa mbao ulioiva rangi kwa kushikwa, na matundu ubavuni ya kupitisha hewa. Mengine yote yako kichwani na mkononi mwa anayeitumia: kujua kama chuma kimefikia joto la pamba au bado ni la tetroni, kama moto unapanda au umeanza kuchoka. Ndiyo maana nikiwa Machame, Kilimanjaro, Jumamosi mchana huwa natafuta kigoda nikae karibu na meza ya mama mkubwa, nimtazame akiandaa nguo za Jumapili za nyumba nzima.

Seremala husifiwa, mwashi husifiwa, fundi cherehani watu humfuata kutoka kijiji cha pili. Kazi ya mama mkubwa huonekana Jumapili asubuhi mlangoni pa kanisa, na hakuna anayeuliza imefanywa na nani. Kola imesimama, marinda yamelala, kitambaa cha madhabahuni hakina mkunjo hata mmoja. Kwangu mimi huu ni ufundi kamili, wenye zana zake, malighafi zake na siri zake, na nimeona niueleze hatua kwa hatua kama ninavyouona.

Pasi yenyewe ilikuwa ya mama mkwe wake. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na katika vizazi vilivyofuata nguo safi ya Jumapili ikawa sehemu ya maisha ya familia za Kikristo huku mlimani, hata kwa nyumba iliyokuwa na nguo moja tu ya kutokea. Pasi hii ilikuwa tayari ndani ya nyumba mwaka 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa kanisa moja, ambalo leo ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Ya umeme pia ipo, imo kabatini, zawadi ya mwanawe. Huitoa mara mojamoja, kwa shati moja la haraka. Kwa mzigo wa Jumamosi anasema inakula uniti za LUKU bure, tena ni nyepesi mno; uzito wa ile ya mkaa, anasema, ndio unaofanya nusu ya kazi, mkono unaongoza tu.

Kazi inaanza Ijumaa, kwenye beseni. Nguo nyeupe hutengwa, za rangi hutengwa, na za wajukuu hukaa peke yake kwa sababu ya udongo mwekundu wa shambani. Sabuni ya mche hupakwa kwenye kola na kwapani, kisha nguo huachwa kwanza. Mama mkubwa hafui kwa hasira. Husugua kitambaa kwa kitambaa, juu ya kiganja, akigeuza kidogo kidogo, na sehemu iliyokataa hairudii kwa nguvu zaidi, huirudisha kwenye maji ya sabuni isubiri. Halafu husuuza maji matatu. Yale ya tatu huyapima kwa vidole. Yakiwa bado na utelezi, humwaga na kuteka mengine. Sabuni iliyobaki kwenye nguo nyeupe haionekani kambani. Hujitokeza chini ya pasi ya moto, ikiwa doa la njano, na hapo umeshachelewa.

Wanga hutengeneza mwenyewe. Muhogo hukunwa, hukamuliwa kwa kitambaa ndani ya maji, na maji hayo huachwa yatulie usiku kucha. Asubuhi unga mweupe umeshikamana chini ya bakuli, maji ya juu humwagwa taratibu, na unga huanikwa ukauke. Siku ya kufua, kijiko cha unga huo hukorogwa kwanza na maji ya baridi. Maji yanayochemka hufuata, yakimiminwa kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukikoroga bila kusimama, mpaka ule weupe upotee na kubaki uji mwepesi unaopitisha mwanga. Uji huo huchujwa. Donge moja likipita, litaganda kwenye uso wa pasi na kuacha alama ya kahawia. Kisha kila nguo hupata kipimo chake: mzito kwa kola za baba mkubwa, mwepesi sana kwa kitambaa cha kanisa, na nguo za watoto hazipewi kabisa, kwa kuwa ngozi ya mtoto haitaki kukwaruzwa.

Kuanika nako kuna akili. Shati hutundikwa kwa pindo la chini, ili alama za vibanio zije zifichwe ndani ya suruali. Jua likiwaka hakuna shida. Lakini Machame mwezi wa Saba, mawingu yanaposhuka na kukaa, nguo inaweza kushinda kambani na jioni bado ina ubaridi. Mama mkubwa hasikitiki. Anautaka unyevunyevu kidogo. Nguo iliyokauka kabisa hainyooki, hukunjamana upya nyuma ya pasi, na ikibidi kuanua nguo kavu hulazimika kuirudishia maji.

Hili la kurudisha maji ndilo alilonifundisha kulitazama kwa utulivu. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, huweka bakuli la maji mbele yake, huchovya ncha za vidole, na kuzirusha juu ya nguo iliyotandazwa. Matone yanayotoka ni madogo na yameenea sawasawa. Hukunja mikono ya shati kuelekea katikati, huviringisha shati lote kwa kulibana, hulipanga ndani ya beseni pamoja na mengine, na kufunika kwa taulo lenye unyevu. Kisha huondoka. Anachambua maharage, anamwonyesha mkwe wake jinsi ya kumlaza mtoto ubavu, anakwenda kuangalia kuku. Ukimuuliza mbona haanzi, atakujibu kwamba maji bado yanatembea. Na kweli, ukifungua shati mapema unaona madoa ya maji na sehemu kavu. Ukilifungua wakati wake, kitambaa chote kina ubaridi wa aina moja na hakuna palipolowa.

Meza ni ileile ya chakula. Juu yake hutandikwa blanketi lililokunjwa mara mbili, halafu shuka jeupe la zamani ambalo kona zake nne hufungwa kwa kamba chini ya meza lisije likatembea. Upande wa kulia huwekwa jiwe bapa la kuwekea pasi, upande wa kushoto bakuli la maji na kitambaa chepesi cha pamba. Pembeni huegemezwa jani bichi la mgomba lililokatwa muda huohuo.

Mkaa huuchagua kipande kwa kipande. Huvigonganisha: kinachotoa mlio mkavu huchukuliwa, chenye mlio mzito hakijaiva na kitatoa moshi, hicho hubaki kwa ajili ya kupikia. Vile vyepesi vinavyorusha cheche huviweka mbali kabisa na nguo. Vilivyochaguliwa huwashwa kwenye jiko, na mjukuu wa kiume hupewa kipepeo. Hakuna mkaa unaoingia kwenye pasi ukiwa na ulimi wa moto au uzi wa moshi. Unasubiriwa mpaka uwe mwekundu hadi ndani na uanze kuvaa majivu membamba juu. Ndipo koleo hufanya kazi: vipande vikubwa katikati, vidogo mbele kabisa, kwa sababu ncha ya pasi ndiyo itakayoingia katikati ya vifungo na ni lazima iwe na moto wake. Komeo hufungwa. Mama mkubwa hutoka uani, husimama upande ambao upepo hautarudisha majivu ndani, na kuibembea pasi mbele na nyuma mara kadhaa. Hewa hupita matunduni, majivu mepesi huruka, makaa hung'aa.

Akirudi, hupitisha pasi juu ya jani la mgomba. Jani hulia na kutoa harufu ya mboga iliyoungua. Uso wa chuma hubaki safi na laini, ukiteleza. Huufuta kwa kitambaa kikavu. Halafu hudondoshea tone moja la maji. Tone likikaa na kuchemka polepole, chuma bado. Likilia na kutoweka mara moja, hilo ni joto la pamba. Likikimbia juu ya chuma kama ushanga uliodondoka sakafuni, moto umezidi. Pasi huwekwa juu ya jiwe, kifuniko hufunguliwa, na yeye huendelea kusubiri. Sijawahi kumwona akilipuuza tone.

Hata hapo haanzi na shati. Huanza na nepi na mataulo ya mtoto mchanga, vitu visivyoharibika kirahisi, ili ausome moto wa siku hiyo. Nepi huzipiga pande zote mbili, na huchelewa kwenye mishono na pindo. Kuna sababu ambayo mama mkwe wake, aliyewahi kuishi kule tambarare penye joto, alimwachia. Yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini. Mayai yakianguliwa, buu huingia kwenye ngozi ya anayevaa na kufanya jipu linalouma. Joto la pasi huyaua, lakini ni lazima lifike mahali kitambaa kilipojikunja, maana ndipo yanapojificha. Mkwe wake, mama wa yule mtoto, husimama kando akipokea nepi zikiwa bado na vuguvugu na kuzihesabu kwenye kapu.

Sasa shati jeupe la baba mkubwa. Yeye ni mzee wa kanisa, husimama mbele ya watu akipokea sadaka, na shati lake lina wanga kwenye kola na kwenye mikono penye vifungo. Mama mkubwa hulifungua kutoka kwenye mviringo wake na kuanza na kola, upande wa ndani kwanza. Pasi hutoka nchani kuelekea katikati, kisha hutoka ncha ya pili kuelekea katikati. Ukianzia katikati, unasukuma kitambaa mpaka kwenye ncha na kuacha kikunjo kidogo ambacho kila mtu atakiona. Kisha kola hugeuzwa. Sehemu ya mabega huvalishwa kwenye kona ya meza ili ichukue umbo la bega. Mikono hulazwa mshono kwa mshono. Upande wa vifungo hupigwa kwa ndani, vifungo vikiwa vimezama kwenye taulo, halafu ncha ya pasi huingia katikati ya kifungo na kifungo na kutoka bila kugusa hata kimoja. Mwisho ni mgongo, kwa mikupuo mirefu.

Nimeitazama sana mikono yake hapo. Wa kulia unaonekana ndio unaofanya kazi, lakini ufundi uko kwenye wa kushoto. Wa kushoto hutangulia pasi kwa umbali wa vidole vichache, ukilainisha, ukivuta mshono unyooke, ukihisi kama kitambaa kimekauka mno. Ukikuta pakavu, huchovya kwenye bakuli na kupapasa, na wa kulia husubiri. Pasi hufuata uzi wa kitambaa, juu kwenda chini au kulia kwenda kushoto, kamwe si kwa kuzunguka, kwa sababu kitambaa kilichovutwa mshazari hakirudi sawa. Mvuke hupanda na harufu ya wanga uliokauka hujaa chumbani.

Katikati ya mgongo wa shati, safari moja, punje ya jivu ilitoka tunduni ikatua juu ya weupe ule. Mjukuu wa kike aliyekuwa karibu alinyoosha kidole aiondoe. Mama mkubwa alimshika kifundo cha mkono kabla hajafika.

“Usiiguse. Ukiigusa, imeingia.”

Akairudisha pasi kwenye jiwe, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na meza, akapuliza mara moja, kwa pumzi fupi, kwa upande. Jivu likaruka zima. Akamwachia mtoto mkono, akasema, “Umeona?” na kuendelea.

Kola iliyomalizika haikunjwi hapohapo. Shati hutundikwa likiwa wazi, lipoe, kwa kuwa wanga ukiwa wa moto bado unashika umbo lolote unalopewa, hata umbo baya.

Sketi ya marinda ya mjukuu ni ya shule, ya Jumatatu. Nayo hupigwa Jumamosi, maana nyumba hii haiwashi pasi Jumapili. Ni kitambaa cha bluu chenye nailoni ndani yake, kinachong'aa na hata kuyeyuka kikiguswa na joto la shati. Kwa hiyo husubiri zamu yake, wakati makaa yameanza kuchoka. Hapo naona mpango wote wa mchana ule: pamba moto ukiwa juu, nguo za mchanganyiko moto ukishuka, mkaa mpya ukiongezwa mara moja tu, kabla ya kitambaa cha kanisa. Kila rinda hupangwa kwa vidole kutoka kiunoni hadi pindoni na kubanwa kwa pini chini. Kitambaa chepesi kilicholowekwa na kukamuliwa hutandazwa juu, na pasi huwekwa, hubanwa, hunyanyuliwa. Haiburutwi. Huwekwa tena mbele kidogo, hubanwa, hunyanyuliwa. Ni kazi ya polepole kuliko zote, na mtoto mwenye sketi hufundishwa kuifanya kwa rinda moja kila wiki. Mengine humalizia bibi.

Kanga na vitenge huenda haraka. Vitenge hupigwa kwa upande wa ndani, rangi isififie. Kanga, kabla ya kuguswa na pasi, huhitaji watu wawili: mama mkubwa hushika kona mbili, mkwe wake nyingine mbili, wanavuta, wanalegeza, wanavuta mshazari, mpaka pindo zote nne ziwe na pembe zake. Wakati huo ndipo wanapoongea mambo yao, nani atakwenda kumwangalia mgonjwa wa jumuiya, mayai mangapi yapelekwe kanisani kwa ajili ya mnada wa baada ya ibada.

Kitambaa cha madhabahuni huja mwisho, na kabla yake mama mkubwa hunawa mikono hadi viwiko. Wanawake wa mtaa wake hupeana zamu ya kukifua. Vitambaa vya rangi kanisani hubadilika kwa majira, zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyeupe Krismasi na Pasaka, nyekundu Pentekoste, kijani kwa zile wiki ndefu baada ya Utatu. Lakini hiki cheupe cha juu hutumika majira yote, na mikono mingi imekipitia. Shuka la meza hubadilishwa. Mkaa mpya huingia, pasi hubembewa tena uani, hufutwa tena kwa jani, na safari hii hujaribiwa kwanza kwenye kitambaa kingine cheupe.

Msalaba uliodariziwa huanza. Hulazwa kifudifudi juu ya taulo nene na kupigwa kwa nyuma, ili nyuzi zizame kwenye taulo na upande wa mbele zibaki zimeinuka. Ukiupiga kwa mbele, unalala bapa na kung'aa, na kazi ya aliyedarizi imepotea. Kisha pasi hutoka katikati ya kitambaa kwenda nje. Ni kirefu kuliko meza, hivyo mjukuu wa kike hushika upande wa pili kwa mikono yote miwili asiuache uguse sakafu. Sehemu iliyokwisha haikunjwi. Huviringishwa kwenye fimbo ya mwanzi iliyozungushiwa karatasi safi, sentimita kwa sentimita, huku iliyobaki ikiendelea kupigwa, mpaka kitambaa chote kiwe juu ya mwanzi. Ndiyo maana kikitandazwa madhabahuni hakina mistari ya mkunjo, na mtu aliyekaa kiti cha nyuma hawezi kujua kwa nini.

Kufikia saa kumi na mbili jioni, nguo zimetundikwa kwa mpangilio wa wenyewe: baba mkubwa, mwanawe, mkwe, wajukuu kwa urefu. Baba mkubwa amemaliza kung'arisha viatu kibarazani na kuvipanga mlangoni, jozi kwa jozi. Bahasha za ahadi zimewekwa ndani ya Biblia. Blanketi huondolewa mezani, kwa kuwa meza inahitajika kwa chakula, na baada ya chakula kwa ibada ya jioni, ambayo siku za namna hii huwa fupi.

Makaa yaliyobaki hayatupwi. Mama mkubwa hufungua komeo, huyamimina jikoni na kubandika juu yake sufuria ya maharage ambayo ilikuwa inangoja. Majivu hukung'utwa kwenye kopo la kusugulia masufuria, yanayozidi huenda kwenye migomba. Pasi ikishapoa hupakwa nta ya mshumaa chini, kwa sababu ukungu wa huku hukishikisha chuma kutu upesi, kisha hurudishwa juu ya rafu komeo likiwa wazi.

“Ibada ya kwanza ni saa moja, mwanangu,” ananiambia akifuta mikono. “Shati lako ni lile la mwisho kulia. Lisivaliwe kabla ya chai.”